Tikiti na Kisu

Mhadhara kwa wakaazi wa ng'ambo ya Mombasa

Waliotoka Likoni wamevuka maji mara mbili kufika hapa Kisauni, feri kwanza, kisha daraja la Nyali. Waliotoka Changamwe najua foleni ya malori waliyoiacha nyuma yao. Kwa hivyo sitawaweka mpaka usiku.

Nataka nianze pale feri. Ukishuka upande wa Likoni saa saba za mchana, ukapanda kile kilima pamoja na watu wote, hukosi kukutana na mkokoteni wa matikiti. Kijana amesimama nyuma yake na kisu kirefu, mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli. Analilaza tikiti kwenye ubao, anatia ncha, na kabla kisu hakijafika katikati tikiti lenyewe linalia krrr na kupasuka mbele ya makali. Ndani ni kwekundu, mbegu nyeusi zimejipanga mistari, maji yanachuruzika ubaoni mpaka kwenye gurudumu. Kipande shilingi 10, kikubwa 20. Hamali aliyetoka kutua gunia anakula cha kwanza bila kusema neno. Cha pili ndipo anapovuta pumzi.

Kisha kijana anachovya kisu kwenye ndoo. Maji ya ndoo ile asubuhi yalikuwa meupe. Saa hizi yana rangi ya waridi, na nzi wamezunguka ukingo wake. Anakitoa kisu, anakipangusa kwa kitambaa kile kile alichofutia jasho, anashika tikiti la pili.

Yashikeni mambo haya mawili, kipande na ndoo. Nimekuwa kwenye kazi ya lishe miaka mingi, na nikiulizwa kama tikiti ni zuri kwa afya, jibu langu liko katikati ya viwili hivyo.

Tuanze na maji, maana tikiti ni maji kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Katika kila gramu 100 za nyama yake, gramu 91 hivi ni maji. Mtu akila nusu kilo, amekunywa karibu nusu lita. Sasa fikirieni kaskazi yetu ya Februari na Machi. Joto linafika nyuzi 32 au 33, na si joto kavu kama la Garissa. Hewa yetu imejaa unyevu wa bahari, jasho linatoka lakini halikauki. Jasho lisilokauka halipoozi mwili, kwa hivyo mwili unazidi kulitoa. Anayebeba mizigo sokoni Kongowea, anayefunga makontena bandarini Kipevu, fundi anayemwaga zege Mtopanga, mama anayekaanga viazi karai kwenye jiko la mabati Bofu, wote hawa wanapoteza lita za maji kwa siku na wengi hawarudishi. Mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi. Kichwa kinagonga jioni, mtu anasema ni malaria, ananunua dawa. Kumbe ni kiu. Na figo zinazokaushwa hivyo mwaka baada ya mwaka ndizo zinazofanya mawe.

Mtaniambia, basi si tunywe maji tu? Ndiyo, tunywe. Lakini maji gani? Maji ya mji huu yanatoka mbali: Mzima kule Taita Taveta, Marere na Tiwi upande wa Kwale, Baricho upande wa Kilifi. Yakifika mferejini, yanafika kwa zamu. Wengi wetu ng'ambo tunayanunua kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni, na aliyeyachota anajua mwenyewe amechota kisima gani.

Tikiti nalo linatoka mbali. Haya tunayoyala yanakuja kwa malori kutoka Tana River, Lamu, Kilifi, Kwale na Taita Taveta, na mengi yanapita Kongowea kabla ya kutawanyika. Mji huu kulishwa na wengine si jambo la leo. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wa hapa hawalimi nafaka, wanaletewa. Alitaja ndizi, ndimu na tunda linalofanana na zambarau zetu. Tikiti hakulitaja. Miaka michache baadaye alifika Khwarizm, Asia ya Kati, na huko ndiko alikosifia matikiti mpaka akasema dunia haina mfano wake. Wenyeji walikuwa wakiyakata vipande, wakiyaanika juani na kuyapeleka mpaka India na China. Lakini mtikiti wenyewe ni mmea wa Afrika. Mbegu zake zilikutwa katika kaburi la Tutankhamun kule Misri, na mwaka 2021 wanasayansi waliosoma vinasaba vyake walionyesha kwamba jamaa yake wa karibu zaidi ni tikiti la Kordofan, Sudan. Kwa hivyo hatuli tunda la kigeni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi naliona ni la ajabu. Mtikiti unanyonya maji kutoka kwenye udongo wa Garsen au Hola kule Tana River, udongo wenye mbolea ya ng'ombe na kila kitu, unayachuja kwa mizizi yake, unayafunga ndani ya ganda nene. Ndani ya tikiti zima, lisilo na ufa wala jeraha, kwa kawaida hamna vijidudu vya kuendesha tumbo. Ni mtungi uliozibwa. Unaweza kulibiringisha kwenye lori, likapigwa na vumbi la barabara ya Malindi, likalala chini sokoni kwa wiki, na maji yake yakabaki safi kuliko ya kisima cha jirani yako. Mpaka kisu kiingie.

Kisu nitakirudia. Kwanza tuone ndani ya maji hayo mna nini.

Chukua kipande cha gramu 300, kile cha shilingi 20. Kina kalori 90 tu. Kina vitamini C miligramu 24, zaidi ya robo ya anachohitaji mtu mzima kwa siku. Kina potasiamu miligramu 330 na kitu, karibu sehemu moja ya kumi ya mahitaji ya siku, na magnesiamu kidogo. Sukari yake ni gramu 18 au 19. Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30, vijiko vinane vya chai, na baada ya sukari hiyo hakuna kingine cha kutaja. Yule hamali wa feri angeweza kununua soda. Nafurahi kila ninapomwona akinunua tikiti.

Ile rangi nyekundu nayo ina kazi. Inaitwa laikopini, ndiyo hiyo hiyo inayoipa nyanya wekundu, ila tikiti lina nyingi zaidi: miligramu 4.5 hivi katika gramu 100, ambapo nyanya mbichi ina 2.6. Inasaidia kuzikinga seli za mwili zisichakae haraka. Haiyeyuki kwenye maji, inataka mafuta, kwa hivyo ukila tikiti pamoja na korosho au baada ya wali wa nazi, mwili unaichukua vizuri zaidi. Na hapa nina habari njema kwa nyumba zisizo na friji. Mwaka 2006 watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani waliyaweka matikiti mazima kwa siku 14, mengine kwenye baridi, mengine kwenye nyuzi 21. Yaliyokaa kwenye nyuzi 21 laikopini iliongezeka, mengine mpaka kwa asilimia 40, na yaliyowekwa kwenye baridi hayakupata faida hiyo. Chumba chetu kina joto kuliko hapo, kwa hivyo usiliache wiki mbili. Lakini aliyelipumzisha tikiti zima sakafuni, kivulini chini ya kitanda, hakukosea hata kidogo. Friji ni ya tikiti lililokatwa.

Yapo pia yale matikiti madogo ya ganda la vikwaruzo, nyama ya rangi ya chungwa, ambayo wauzaji wengi huyaita meloni tu. Bei yake iko juu. Yenyewe yana vitamini C mara nne ya tikiti maji, na ile rangi ya chungwa mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kinga. Ukiyapata kwa bei nzuri, mpe mtoto. Usipoyapata usisikitike: papai na embe zinafanya kazi hiyo hiyo, na pera lina vitamini C ya kuyashinda matikiti yote. Sitaki mtu atoke hapa akidhani nimemwambia tikiti ni mfalme wa matunda. Nyuzinyuzi zake ni chache mno, hazifiki nusu gramu katika gramu 100. Tikiti halichukui nafasi ya mchicha wala kunde.

Lakini tunda huliwa na mtu anayelipenda, na hili linapendwa. Shirika la Afya Duniani linataka tule gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 juu ya maradhi yasiyoambukiza ulikuta asilimia 94 ya watu wazima wa Kenya hawafikishi kiasi hicho. Utafiti huo huo ulikuta karibu mtu mmoja katika kila wanne ana presha, na zaidi ya nusu ya watu hawajawahi kupimwa hata mara moja maishani. Naomba mlioko hapa ambao hamjapimwa mkapimwe wiki hii, si mwezi ujao.

Kuhusu presha, tikiti lina jambo lake. Mwaka 1914 Wajapani wawili walitoa kwenye maji ya tikiti kitu ambacho baadaye kiliitwa sitrulini, kwa jina la kisayansi la mtikiti, Citrullus. Mwili unaigeuza sitrulini kuwa arjinini, na kutokana na hiyo unatengeneza hewa inayolegeza mishipa ya damu. Mishipa ikilegea, presha inashuka kidogo. Nasema kidogo, na natia mkazo hapo, kwa sababu majaribio yaliyoonyesha faida mara nyingi yalitumia sitrulini iliyokusanywa, kiasi ambacho ni vigumu kukifikia kwa vipande viwili vya jioni. Mama yangu mwenye presha, kula tikiti, potasiamu yake nayo inakufaa, lakini kidonge chako usikiache. Nimeshuhudia watu waliokiacha kwa kuambiwa kwamba tunda linatosha. Mmoja alipooza upande. Na vijana, ile sitrulini ndiyo chanzo cha uvumi kwamba mbegu na maganda yaliyosagwa na ndimu ni dawa ya nguvu za kiume. Mishipa yenye shida ina shida mwili mzima. Kijana wa miaka 30 mwenye tatizo hilo apimwe presha na sukari kabla ya kusaga chochote.

Wenye sukari huniuliza swali hili kuliko mengine yote. Tikiti lilipewa alama mbaya kwenye orodha za vyakula vinavyopandisha sukari haraka, na wengi wameambiwa wasiliguse. Haraka ni kweli, lakini kiasi chenyewe ni kidogo, kwa sababu kilichobaki ni maji: kipande cha gramu 120 kina wanga gramu tisa tu. Kipande kimoja baada ya chakula, cha kutafunwa, hakina tabu kwa wengi; pima sukari yako saa mbili baadaye ujue mwili wako unasema nini. Kinachowaumiza wenye sukari ni ile jagi ya juisi, nusu tikiti limesagwa na kutiwa sukari juu yake, na gilasi tatu mfululizo wakati wa kufuturu. Wenye figo zilizochoka, hasa wanaosafishwa damu, ninyi peke yenu nawaambia muulizeni daktari kwanza. Potasiamu ambayo kwa mwingine ni faida, kwenu inaweza kusimamisha moyo.

Nimetaja futari. Mwezi wa Ramadhani ndio msimu wa tikiti hapa kwetu, na wazee hulianza na tende. Hadithi iliyomo katika Sunan Abu Dawud inaeleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikula tikiti na tende mbivu, baridi ya moja ivunje moto wa nyingine. Wazee wa pwani wanaogawa vyakula vya moto na vya baridi wanalielewa hilo mara moja. Mimi kwa mizani yangu naona tende inarudisha nguvu, tikiti linarudisha maji, na tumbo lililokaa tupu siku nzima halijatwishwa mafuta ya sambusa kwanza. Tunakutana mahali pamoja.

Ganda na mbegu tunazitupa, na kwa hilo tunajidhulumu. Ile sehemu nyeupe nayo ina sitrulini. Menya kijani cha juu, katakata nyeupe kama mumunye, upike kwa nazi, nyanya na bizari. Au ikate nyembamba sana utie kwenye kachumbari. Mbegu zilizokomaa zina protini zaidi ya robo ya uzito wake, madini ya chuma, zinki na magnesiamu tele. Sudan na Misri wanazikaanga na kuzitafuna jioni kama sisi tunavyotafuna njugu. Zioshe, zianike, zikaange kavu na chumvi kidogo. Ila watoto wadogo msiwape mbegu, zinawapalia.

Na ukinunua, kumbuka uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Usiangalie mng'ao. Ligeuze uone doa la mahali lilipolalia shambani: likiwa manjano ya siagi, lilikaa shambani mpaka likaiva, likiwa jeupe, lilivunwa mapema, na tikiti halizidi utamu baada ya kukatwa kikonyo. Liinue, liwe zito kuliko unavyolidhania. Likikutwa na nyufa ndani, usikimbie kusema limedungwa dawa. Mara nyingi ni uchavushaji hafifu au hali ya hewa iliyobadilika wakati tunda linakua. Sumu ninayoiogopa iko nje, kwenye ganda, pale mkulima alipopiga dawa ya nzi wa matunda akavuna kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha.

Sasa kisu.

Ndimu, ukwaju, embe bichi, hivi vina ukali wake. Vijidudu vingi haviuwezi ukali huo. Tikiti halina ukali. Ni tamu, lina maji, na kwenye mkokoteni lina joto la nyuzi 32. Kwa kijidudu cha kuendesha, au cha kipindupindu, hapo ni karamu. Kisu kinapita juu ya ganda ambalo halikuoshwa, kinabeba kilichoko kwenye ganda, kinakipanda katikati ya nyama. Mwaka 2011 kule Marekani meloni za shamba moja la Colorado zilibeba bakteria wa listeria kwenye maganda. Watu 147 waliugua na 33 wakafa. Na hiyo ni nchi yenye friji mpaka kwenye malori. Mimi mwenyewe niliwahi kula kipande kimoja kwenye harusi, kimekatwa asubuhi, kikaliwa saa kumi. Niliendesha siku mbili, na usiku wa pili sikuweza kusimama. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wengine.

Nikisema hivi sitaki mtu amgeuzie mgongo yule kijana wa feri. Nilikaa naye nikamuuliza kwa nini habadilishi maji ya ndoo. Akanijibu, "Mama, mtungi nanunua. Nikibadilisha mara tano, faida yote imeenda kwa maji." Hesabu yake ni sawa. Kwa hiyo nasema hapa mbele ya kila mtu: mahali wanapopita watu maelfu kwa maelfu kila siku, mfereji mmoja wa maji safi kwa wauzaji wa vyakula ungefaa kuliko askari kumi wa kuwafukuza.

Mpaka mfereji uje, tumekubaliana naye mambo machache. Tikiti linasuguliwa lote kwa maji na sabuni kabla ya kuguswa na kisu. Ndoo inatiwa dawa ya klorini, ile ya kutibu maji ya kunywa. Kitambaa cha jasho kinakaa shingoni, kisu kina chake. Na badala ya kukata matikiti manne asubuhi na kuyapanga, anakata mteja akifika. Kilichokatwa hakipitishi saa moja juani. Mnunuzi naye ana kazi yake: usichukue kipande kilichopangwa. Sema, "Nikatie." Au nunueni zima, jirani watatu, mkaligawe nyumbani.

Na mtu akishaanza kuendesha, tikiti si dawa yake, hata kama ana kiu nalo. Lina potasiamu lakini chumvi halina, sodiamu yake ni miligramu moja tu katika gramu 100, na chumvi ndiyo inayomtoka. Mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mpe kidogo kidogo, na umkimbize hospitali kama kinyesi ni kama maji ya mchele. Wabeba mizigo nao, kwa sababu hiyo hiyo ya jasho, wale tikiti pamoja na chakula chenye chumvi yake, au wanyunyize chembe juu ya kipande kama tunavyofanya kwa embe bichi. Wenye presha hapana.

Nyuma ya ukumbi mtaona meza. Kuna matikiti sita ya Tana River, yamesuguliwa asubuhi, na hakuna hata moja lililokatwa. Yule kijana wa feri amekuja na kisu chake. Ndoo iliyo mbele yake ina klorini, nimeipima mwenyewe. Maji ya kunawa mikono yako mlangoni na sabuni. Wenye sukari kipande kimoja, na mbegu wekeni kwenye sahani, msitupe. Kuna mama kutoka Mtongwe ameahidi kuzikaanga. Watoto watangulie.